Nimeishiwa siku 150 kwenye Fallout ya 1997. Niendelee au niachane nayo?

kinyonga_wa_angani ameuliza:

Habari zenu wakuu.

Mimi nimekulia kwenye gemu mpya. Kila nikisoma maoni ya watu kuhusu RPG (gemu za kuongoza mhusika kwenye hadithi) za ubunifu wa kisayansi, nakuta wakongwe wanaitaja Fallout ya kwanza kwa heshima kubwa, kwa hiyo wiki mbili zilizopita nikaamua kuicheza mwenyewe.

Mambo yakaenda hivi. Nikatoka Vault 13, handaki la walionusurika vita vya nyuklia, kutafuta chipu ya mashine yao ya maji. Nikatumwa Vault 15, handaki jingine. Nikafika pale sina kamba ya kushukia, nikarudi kijiji cha Shady Sands, nikaipata, nikaenda tena. Nimepigana mpaka chini kabisa, na huko nikakuta chumba cha mitambo kimefukiwa na mawe. Chipu hakuna. Na hakuna mshale wala alama yoyote inayoniambia sasa niende wapi. Nikatangatanga jangwani, nikafika mji wa Junktown, nikawa nalala hotelini majeraha yapone, nikatoka, nikapigwa, nikarudi kulala. Siku zikaisha. Watu wa Vault 13 wakafa kwa kiu na gemu ikaishia hapo hapo.

Nimeumia kusema kweli. Saa nyingi zimepotea. Naomba wenye uzoefu mniambie: huu ni utungaji mzuri, au watu wanakumbuka ujana wao tu? Na kama kweli hizi gemu za zamani zina kitu, nianzie wapi?

---

mpita_njia_7 amejibu:

Pole sana mkuu. Usijitese. Tafuta mwongozo mtandaoni, uufungue pembeni, ufuate hatua kwa hatua. Ukishajua chipu iko mji gani unaweza kumaliza hiyo gemu mchana mmoja.

---

daftari_la_tatu amejibu:

Mwanangu kinyonga, nakuomba usifungue huo mwongozo kwanza. Mpita_njia ana nia njema, lakini Fallout ukiicheza kwa mwongozo utakuwa umemtazama mtu mwingine akiicheza.

Nieleze kwanza nilikotoka. Mimi sikuanza gemu nikiwa nimeshika kidude cha kuchezea. Kaka yangu ndiye aliyekishika, mimi nilishika penseli. Ilikuwa Phantasy Star, ile iliyotoka 1987 kwa ajili ya mashine ya gemu ya Sega Master System, na kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za mapango. Mle ndani unaona kama uko humo mwenyewe: ukuta mbele, uwazi kushoto, mlango, kona, na kila kona imefanana na nyingine. Ramani hupewi. Kila hatua moja ya kaka ilikuwa kijimraba kimoja kwenye daftari langu la hesabu. Akigeuka bila kunitajia nampigia kelele, maana tukipoteza uelekeo mara moja tu, ukurasa mzima ni wa kuchana. Siku moja tukiwa ndani kabisa ya pango la Naula, tumechoka, wahusika wetu hoi, tukafungua mlango tukakuta duka la keki. Nakwambia ukweli, duka la keki katikati ya mazimwi, na bila kununua keki hiyo humfikii gavana wa sayari ya Motavia. Ukurasa ule ninao mpaka leo. Nimeandika KEKI kwa herufi kubwa na kuizungushia duara mara tatu.

Kwa hiyo mimi gemu hizi nazijua kutoka upande wa daftari, na maoni yangu yote yanatoka huko. Watu husema gemu za zamani zilikuwa na hadithi nzuri. Zipo zilizokuwa na hadithi nzuri, na zipo zilizokuwa na hadithi ya kawaida sana. Hata hiyo Phantasy Star, ukiisimulia, ni binti anayelipiza kisasi cha kaka yake kwa mfalme mwovu. Kilichonishika ni kwamba sehemu ya gemu ilikuwa mikononi mwangu, kwenye karatasi, na bila mimi kuiandika haikuwepo.

Sasa tuje kwenye siku zako 150.

Ulipoambiwa siku 150 ulidhani ni mapambo ya hadithi, sivyo? Wengi tulidhani hivyo. Kumbe kila safari kwenye ile ramani ya kahawia inakula siku, na kulala kunakula siku. Ulipolala Junktown ulilipia kitanda kwa maji ya watu wako. Mimi hilo naliona ni jambo zuri mno. Gemu nyingi zinakwambia dunia inaangamia, kisha zinakuacha uzunguke miezi sita ukikusanya mapambo ya nyumba, na dunia inakusubiri. Fallout ilimaanisha ilichosema.

Na yale mawe ya Vault 15: pale ndipo gemu inapokuacha uanze kuuliza. Watu wa Shady Sands wanajua mji mwingine. Junktown wanajua mji mkubwa zaidi wa biashara, the Hub. Kule the Hub kuna wafanyabiashara wa maji. Jiulize mtu ambaye nyumbani kwake hakuna maji angezungumza nao jambo gani. Ukilijua hilo unaweza kujiongezea siku 100, ila fikiri vizuri kuhusu misafara inayojua njia ya kwenda kwenu. Zaidi ya hapo sisemi.

Nikupe kisa kimoja ili ujue hawa watu walitoka wapi. Kabla ya Fallout, watengenezaji wake, Interplay, walitengeneza Wasteland, 1988, nayo ni ya jangwa baada ya vita vya nyuklia. Diski za wakati ule hazikuwa na nafasi ya maneno yote, basi gemu ikaja na kijitabu cha aya zenye namba. Ukifika mahali, skrini inakwambia kasome aya namba fulani. Na humo ndani walipanda aya za uongo, pamoja na kisa kizima cha Mars ambacho hakimo kwenye gemu, kwa ajili ya wale wanaosoma mbele kabla ya kufika. Aliyechungulia alijikuta anatafuta vitu ambavyo havipo. Ufinyu wa diski ukageuka kuwa sehemu ya mchezo. Mimi huwa nakikumbuka kijitabu kile kila nikiona mtu ana mwongozo pembeni.

Ukiniuliza ipi ninayoipenda kupita zote, jibu ni Star Control II ya 1992. Hapo nilikuwa nimeshakuwa mkubwa kidogo, kaka ameondoka nyumbani, penseli na kibodi vyote viko kwangu. Unarudi kwenye mfumo wa Jua na meli ya kale isiyokamilika, unakuta Dunia imefunikwa na ngao nyekundu, wanadamu wote wamefungiwa chini yake. Una ramani ya nyota mamia kwa mamia na mafuta kidogo. Hakuna orodha ya kazi. Viumbe unaokutana nao wanazungumza tu, na katikati ya porojo zao ndipo umewekwa msaada. Mmoja anakutajia nyota ya rangi fulani karibu na kundi fulani. Ukishafunga mazungumzo, limepita. Umeandika? Hukuandika? Shauri yako.

Na walivyoandikwa viumbe hao! Wako Spathi, ambao uoga kwao ni falsafa kamili, wakikueleza unawaelewa. Wako Orz, ambao mashine ya kutafsiri inashindwa kuwaelewa vizuri, kwa hiyo baadhi ya maneno yao yanakuja yamewekewa alama ya nyota, kukisia tu. Wanachekesha mpaka utakapowauliza Androsynth walikwenda wapi, wale waliokuwa wakiishi sayari zile kabla yao. Hapo lugha yao inabadilika, na ukiendelea kuuliza wanakuwa maadui. Gemu haikuelezi moja kwa moja kilichotokea. Ina mapengo, na mapengo hayo yamenikosesha usingizi kuliko zimwi lolote lililochorwa.

Ur-Quan wenyewe, hao watawala waliowafungia wanadamu, siku watakapokusimulia historia yao utanyamaza. Wana sababu. Sababu yenyewe ni maumivu ya kweli, na matokeo yake bado ni utumwa wa galaksi nzima, na unabaki umeshikilia yote mawili. Nimecheza gemu nyingi tangu hapo ambazo adui ni mbaya kwa sababu ni mbaya. Zimenipita.

Basi nilishindwa, mwanangu. Kama wewe. Nilizurura sana nikichimba madini, na ndani ya gemu ile muda unakwenda. Baada ya takriban miaka 4 ya gemu, upande mmoja wa Ur-Quan, Kohr-Ah, ukaanza kuangamiza viumbe wote wa galaksi. Nikifungua ramani naona duara la taifa fulani limetoweka. Wiki chache za gemu, jingine. Rafiki zangu wale, mmoja mmoja. Nilizima kompyuta nikalia.

Kesho yake nikaanza upya, na daftari lilelile. Hili ndilo nililotaka kukwambia tangu mwanzo na nimezunguka sana. Meli ilikuwa mpya, rubani mpya, hajui kitu. Lakini mimi nilikuwa najua nyota zipi zina madini, nani anamwogopa nani, wapi nisipoteze mafuta. Gemu ilikuwa imefuta kila kitu isipokuwa kilichoandikwa kwa mkono wangu. Wewe pia unajua sasa kwamba Vault 15 ni mawe. Umeshaokoa siku nyingi tayari. Saa zako hazijapotea, ziandike.

Star Control II utaipata bure kwa jina la The Ur-Quan Masters, msimbo wake uliachiwa 2002.

Nyingine kwa haraka. Deus Ex ya 2000: icheze kwenye Liberty Island bila kuua mtu hata mmoja, kisha kaongee na mtunza silaha. Icheze tena ukiua, uone anavyokutazama. System Shock 2 ya 1999 ina meli ya Von Braun yenye sauti za marehemu zilizorekodiwa, na bunduki inayokukwamia mkononi. Usicheze usiku kama una moyo mwepesi. Chrono Trigger ya 1995 utaimaliza, kisha utaianza tena kutafuta miisho mingine. Fallout 2, mtengeneze mhusika mwenye akili ndogo kabisa, halafu kaongee na Torr, mwenye akili ndogo kama wewe, kule mji wa Klamath. Wengine wote wanasikia miguno tu. Torr na wewe mtazungumza kwa ufasaha kama wazee wa baraza. Mtu aliketi akaandika mazungumzo yale akijua wachezaji wengi hawatayaona kamwe.

Usidhani naona kila cha kale ni dhahabu. Xenogears ya 1998 ina diski ya pili ambayo mhusika anakaa kwenye kiti na kukusimulia mambo makubwa badala ya wewe kuyacheza, na nilihisi nimefungiwa mlango. Ile Knights of the Old Republic ya pili, ya 2004, ina maandishi ya kina kuliko ya kwanza na mwisho wake haukukamilika. Cheza ile yenye vipande vilivyorejeshwa na mashabiki. Na Ian wa Fallout, mpiganaji utakayemkuta Shady Sands akaungana nawe, usimpe bunduki ya kumimina risasi ukisimama mbele yake. Atakumalizia mgongoni.

---

sauti_ya_pili amejibu:

Dada daftari, nimesoma yote kwa heshima na mengi nakubali, Star Control II hasa. Lakini kuna upande umeuruka.

Mimi nina watoto wawili na saa moja ya kucheza, pengine Jumapili. Nikirudi kwenye gemu baada ya siku kumi sikumbuki hata nilikuwa naelekea wapi. Orodha ya kazi kwenye Mass Effect iliniwezesha kumaliza hadithi ambayo nisingeimaliza kabisa. Kwako alama kwenye ramani inakunyang'anya kitu, kwangu ilinipa.

Pili, yale maandishi madogo. Macho yangu si mazuri. Zipo gemu za wakati ule ambazo siwezi kuzisoma zaidi ya nusu saa, na zimejaa maandishi mwanzo mwisho. Huo uzuri wa mazungumzo nimeusikia kwa watu tu.

Tatu, hizo karatasi. Star Control II ya kwanza kabisa ilikuwa inakuuliza maswali yanayojibiwa kwa ramani iliyokuja ndani ya boksi. Mimi nilirithi diski bila boksi. Kwa miaka mingi nilijua muziki wa mwanzo tu.

Na kuhusu muda: Fallout yenyewe ilipotoka ilikuwa na kikomo kingine cha siku 500, baada ya hapo mamutanti, watu waliogeuzwa majitu, wanaivamia Vault 13. Watengenezaji wakakiondoa kwa marekebisho. Fallout 2 ya mwaka uliofuata haikukubana hivyo hata kidogo. Nadhani waliona wenyewe kwamba mchezaji anayekimbizwa hachunguzi. Anapita tu.

---

daftari_la_tatu amejibu:

Sauti, asante. La maandishi sina la kukujibu, uko sahihi, na inaniuma. The Ur-Quan Masters ina sauti za waigizaji, zile za toleo la mashine ya gemu ya 3DO. Unaweza kuwasikiliza Spathi bila kusoma neno. Ijaribu kwa ajili hiyo.

La boksi nalo ni kweli. Kuna watu wengi walizuiliwa mlangoni hivyo, na gemu inayomfungia nje mtu anayeitaka imekosea.

Kuhusu siku 500, hapo nataka tutenganishe. Kile kikomo cha pili hakikutangazwa. Ulikuwa unakwenda zako, chipu umeshapeleka, unadhani umepumua, ghafla umekwisha. Huo ni mtego na walifanya vyema kuuondoa. Siku 150 uliambiwa usoni na mtu aliyekutuma, kabla hujavuka mlango, na zinahesabika mbele yako. Ni deni ulilolijua. Nikishindwa kulipa deni nililolijua, nasikitika lakini sioni nimeonewa. Na kuchunguza huku muda unakwenda kunawezekana, ila unachagua. Mji huu au ule. Kumsaidia huyu leo au kumwambia nitarudi, na usirudi. Uchaguzi ule ndio ninaoukumbuka miaka yote hii, majina ya bunduki nimeyasahau.

Ila saa moja ya Jumapili ni saa moja. Sikukatalii orodha yako.

---

mpita_njia_7 amejibu:

Mimi nimeondoa ushauri wangu. Naenda kutafuta daftari.

---

kinyonga_wa_angani amejibu:

Shikamoo mama daftari. Wengine wote nawashukuru.

Nimeanza upya Ijumaa. Safari hii nimeandika. Vault 15 sikwenda kabisa. Shady Sands nikaongea na kila mtu, nikaandika majina ya miji waliyoitaja, nikanyoosha hadi Junktown, sikulala hotelini hata usiku mmoja. The Hub nimefika mapema sana. Wafanyabiashara wa maji nimewaona. Nimekaa mbele yao muda mrefu, nikasoma ulichoandika kuhusu misafara, nikaondoka bila kulipa. Nitajutia au sitajutia, sijui.

Ian nimemwachia bastola tu.

Kufupisha, niko mji wa Necropolis, siku ya 74. Nimepita chini ya mji, nimefika kwenye mashine, chipu iko mbele yangu, mkono wa kuichukua ninao. Lakini kule kwenye mifereji nilikutana na maghuli, watu walioharibiwa miili na mionzi. Hawakunipiga. Wameniambia maji yao wanayapata kwa mashine hii hii, na kwamba kuna pampu ya zamani iliyoharibika, ingetengenezwa wangeishi bila chipu. Mimi ufundi wangu ni mdogo mno, nimejaza pointi zote kwenye bunduki ndogo na kufungua kufuli. Nikichukua chipu sasa hivi watu wangu wamepona. Nimeuacha mchezo nimesevu, nimekuja kuuliza hapa. Pampu ile inatengenezeka kweli na mtu kama mimi, au wanaota?

---

daftari_la_tatu amejibu:

Marahaba mwanangu. Siwezi kukujibu hilo. Una siku ngapi mkononi?

---

kinyonga_wa_angani amejibu:

76.

---

daftari_la_tatu amejibu:

Basi rudi kwenye mifereji ukatafute vipuri. Na uandike umepita wapi.